SOMO: Kuandika "kupita kiasi" kwa Kiingereza bila kujiharibia

Ndugu wanachama, swali la jinsi ya kutofautisha "too" na "very" nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naliandika mara moja, na atakayeuliza tena aelekezwe hapa.

Hatua ya 1. Kabla hujaandika, amua kama unakusudia "sana" au "kupita kiasi".

Hatua ya 2. Kwa "sana" andika "very"; kwa "kupita kiasi" andika "too". Hapa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoharibu kazi ya watu. "Mno" yetu hubeba maana zote mbili: "tamu mno" ni sifa, "ghali mno" ni lawama, na msomaji hupambanua mwenyewe. Nilipokuwa karani wa kikundi cha wakulima wa kahawa huko Mbozi, nilimwandikia mnunuzi "our coffee is too dry", nikidhani ninaisifu kwamba imekauka vizuri. Yeye alielewa kwamba tumeianika hadi unyevu umeshuka chini ya asilimia 10, na kahawa ya namna hiyo huvunjika inapokobolewa. Alidai apunguziwe bei, na magunia yakakaa ghalani wiki mbili huku tukiandikiana barua. Usiweke "too" mbele ya sifa ya bidhaa yako, na usimwandikie mtu "thank you too much".

Hatua ya 3. "Over" huungana na kitenzi: "oversleep" (kulala kupita kiasi), "overcook" (kupika kupita kiasi). Ila "overeat" (kula kupita kiasi) haifuatwi na jina la chakula. Andika "I ate too many beans".

Hatua ya 4. "Binge" ni kula, kunywa au kutazama tamthilia bila kujizuia kwa muda fulani. "Spree" ni mfululizo wa matendo, kama manunuzi au hata uhalifu.

MASWALI

Mwanachama, Makambako: Je, nijiite "workaholic" kwenye barua ya kuomba kazi?
Jibu: Hapana. Neno hilo limeundwa kutokana na "alcoholic" (mraibu wa pombe), na hutaja uraibu wa kazi. Andika "hardworking".

Mwanachama, Mbeya: Kwa hiyo "too" na "very" ni sawa?
Jibu: Soma hatua ya 2.

Mwanachama, Mbeya: Mwalimu wangu alisema ni sawa.
Jibu: Nami nilifundishwa hivyo, na hasara yake nimeieleza.

Mwanachama, Tukuyu: Mwalimu, mvua ya huku kwetu Rungwe niiandikeje, maana chai inaipenda lakini barabara zinaharibika?
Jibu: Umeuliza vizuri, dada. Kwa chai andika "it rains a lot". Kwa barabara andika "the road is too wet for lorries", kwa sababu "too" hudai kitu kinachoshindikana. Ukikitafuta katika sentensi yako ukakikosa, ujue ulikusudia "very".

Mwanachama, Iringa: Naweza kuandika "too wet that lorries cannot pass"?
Jibu: Hapana, kaka, kwa sababu "too" tayari imebeba ule ukanushi. Ukitaka kuutamka mwenyewe, tumia "so": "so wet that lorries cannot pass".