Kula wanga kidogo ndani ya Disney World, Florida

Unaruhusiwa kuingia na chakula chako, ilimradi hakihitaji kupashwa moto wala hakimo kwenye chombo cha kioo. Kwa kila mtu, beba mayai 2 ya kuchemsha, jibini na konzi moja ya lozi. Vipande vya barafu haviruhusiwi, kwa hiyo tumia pakiti za jeli zilizogandishwa. Bila hizo, joto la Florida linaweza kuharibu mayai upesi.

Baga? Agiza bila mkate, na uombe saladi badala ya chipsi. Mguu wa bata mzinga unashibisha hata wawili. Wengi hukosea kwenye sosi: ile ya nyama choma imejaa sukari, iombe pembeni. Maji ya barafu hutolewa bure panapouzwa soda.