Kabla klabu ya redio haijanunua redio

Klabu nyingi za redio ya ridhaa vyuoni, yaani redio ya kuwasiliana na watu wengine hewani bila biashara, huanza kwa kosa lile lile. Wanachama wanachanga, redio inanunuliwa, halafu inakaa kwenye boksi muhula mzima kwa sababu hakuna mwenye leseni wala mahali pa kufunga antena. Mimi ningeiweka redio mwisho kabisa wa orodha.

Anzeni na leseni. Hakuna kurusha mawimbi ya aina yoyote bila kibali cha mamlaka ya mawasiliano, na alama ya wito ya klabu (herufi na tarakimu zinazoitambulisha hewani) kwa kawaida huhitaji mtu mwenye leseni wa kubeba dhamana. Mtu huyo asiwe wa mwaka wa mwisho. Mtafuteni mhadhiri au fundi wa maabara, ambaye mkishahitimu bado atakuwapo. Wanaosubiri mtihani wa leseni wazoee kwanza kusikiliza, pale sheria inaporuhusu.

Kisha paa. Paa lina mwenyewe, na mwenyewe ni idara ya majengo. Sisi tuliwahi kupanda bila barua. Wiki mbili baadaye tukakuta waya wetu umeviringishwa vizuri na kuachwa mlangoni. Barua yenu ieleze urefu wa mlingoti, utafungwaje na waya wa ardhi utapita wapi, maana neno “antena” likisimama peke yake, anayelisoma anawaza mnara wa simu.

Antena yenyewe haina gharama ya kutisha. Gawanyeni 143 kwa masafa ya megahezi mnayotaka, mtapata urefu wa waya kwa mita: kwa megahezi 14.2 ni kama mita 10, kwa 7.1 ni kama 20. Waya huo hukatwa katikati, na hapo ndipo kebo inapoungwa. Acheni ziada kidogo kila upande, mpime, mpunguze kidogo kidogo. Ukishakata kupita kiasi utaunga viraka. Msibane pesa kwenye kebo. Ile nyembamba ya RG-58, kwenye megahezi 145, hupoteza takriban nusu ya nguvu ndani ya mita 15 tu. Na konekta ya nje izungushiwe mkanda wa mpira vizuri, kwani maji yakishaingia hutembea ndani ya kebo, na mtalaumu redio bure.

Umeme hauna maneno mengi: redio ya wati 100 inaporusha hunywa kama ampea 20 kwa volti 13.8, kwa hiyo waya uwe mnene na fyuzi ikae karibu na betri.

Daftari la mawasiliano ndilo linalowachanganya Waswahili. Mmoja anaandika “saa 8” akimaanisha mchana, mwingine amesoma saa ya simu yake. Tundikeni ukutani saa moja inayosoma UTC, yaani saa ya kimataifa, na kila kitu kiandikwe kwa hiyo. Mkitumia FT8, njia ya kutumiana ujumbe mfupi kwa redio iliyounganishwa na kompyuta, saa ya kompyuta nayo ilingane vilivyo. Ikikosea sekunde chache tu, hakuna atakayewasoma.

Hapo ndipo mzungumzie ndoto. Mashindano ya CQ WW ya sauti, ya kuwasiliana na vituo vingi vya dunia, mwishoni mwa Oktoba, yanafaa kwa mwaka wa kwanza, kwa sababu hata kituo kidogo hupata wa kuongea naye. Kuzungumza na wanaanga walioko Kituo cha Kimataifa cha Anga kupitia mpango wa ARISS ni jambo jingine. Kituo hicho hupita kilomita 400 hivi juu, na mkibahatika mnakipata kwa dakika 10 tu kabla hakijazama upeoni. Maswali yawe yameandikwa na wauliza wamepangwa foleni. Mtu wa kuelekeza antena awe ameshakisikiliza mara nyingi kwenye megahezi 145.800.

Maombi ya ARISS hupelekwa miezi mingi kabla. Kabla ya kuyajaza, hesabuni nani atakuwa bado chuoni siku hiyo. Ikiwa wote wanaojua kuelekeza antena watakuwa wamehitimu, mpelekeni mmoja wa mwaka wa kwanza juu ya paa wiki hii.