Somo: Kukagua hati za kontena la kemikali kabla halijatoka bandarini

Somo hili ni la vijana wanaoanza uwakala wa forodha Dar es Salaam, hasa wale wanaokabidhiwa faili la kemikali siku ya kwanza na kuambiwa "malizia tu". Usimalizie tu. Kontena likileta balaa, mara nyingi kosa liliandikwa kwenye karatasi wiki kadhaa kabla meli haijatia nanga.

Tutenganishe kwanza maneno mawili tunayoyachanganya kila siku. Usalama ni mzigo usimdhuru mtu. Kanuni zake za kimataifa baharini ni IMDG. Ulinzi ni mtu mbaya asiufikie mzigo. Hapo ndipo inapoingia ISPS, kanuni za kimataifa za ulinzi wa meli na bandari, iliyoanza kutumika Julai 1, 2004, baada ya mashambulizi ya Septemba 11 kule Marekani. Faili lako linagusa yote mawili.

Hatua ya 1: Tafuta jina halisi

"Kemikali za kusafishia" si jina. "Malighafi ya kiwanda" si jina. IMDG inataka jina rasmi la usafirishaji na namba ya UN, yaani ya Umoja wa Mataifa ya kutambulisha shehena hatari, yenye tarakimu nne. Asidi salfuriki ni 1830, sianidi ya sodiamu inayokwenda migodi ya dhahabu ni 1689, amoniamu nitrati ni 1942.

Niliwahi kupokea hati imeandikwa "dawa ya bwawa la kuogelea". Nikaomba MSDS, karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali, mara tatu. Ilipokuja, kumbe ni kalsiamu haipokloraiti, Daraja la 5.1 (vitu vinavyochochea moto), kitu kinachoweza kujipasha joto chenyewe mpaka moto ukatokea ndani ya kontena lililofungwa. Mteja alikuwa anajua. Jina laini lilimpunguzia nauli ya meli. Tangu siku hiyo siigusi kazi kabla sijaiona MSDS, na ninaanzia kipengele cha 14, kinachohusu usafirishaji. Wengi husoma ukurasa wa kwanza wakaishia hapo.

Hatua ya 2: Linganisha karatasi zote

Namba ya UN, daraja (aina ya hatari) na kundi la ufungashaji (kiwango cha hatari) vifanane kwenye hati ya shehena, tamko la shehena hatari na MSDS. Usidharau tarakimu moja: 1830 ni asidi salfuriki ya kawaida, 1831 ni ile inayofuka, ambayo juu ya kuunguza ina sumu pia.

Hatua ya 3: Vibali

Kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura 182. Mteja awe amesajiliwa na mzigo uwe na kibali. Mizigo ya kupita kwenda Zambia au Kongo nayo usidhani imesamehewa. Omba kibali meli ikiwa bado iko njiani.

Hatua ya 4: Litazame kontena lenyewe

Mabango ya hatari yawe pande zote nne, kila moja milimita 250 kwa 250. Namba ya lakiri ifanane na ya kwenye hati. Kisha inama, tazama sakafu chini ya milango. Ukiona tone, doa au kutu mpya, simama mbali upande upepo unakotoka na utoe taarifa.

Tone si jambo dogo. Mei 2021 meli X-Press Pearl ilikuwa na kontena la asidi nitriki linalovuja. Hamad, Qatar, haikulishusha. Hazira, India, vilevile. Meli ikafika nje ya Colombo, ikawaka moto, na Juni ikazama, huku chembe za plastiki zikifunika fukwe za Sri Lanka. Kila bandari ilisukuma tatizo kwa jirani.

Hatua ya 5: Majirani wa kontena

Uliza limepangwa karibu na nini. Sianidi na asidi hazikai pamoja. Zikikutana hutoa gesi ya hidrojeni sianidi, inayoua kwa dakika chache.

Hatua ya 6: Mzigo utoke

Agosti 4, 2020, amoniamu nitrati kutoka shehena ya tani 2,750 ililipuka bandari ya Beirut, Lebanoni, na kuua watu zaidi ya 200. Shehena hiyo ililetwa na meli Rhosus mwaka 2013, ikiwa safarini kwenda Beira, Msumbiji, pwani ya huku kwetu. Meli haikuendelea na safari. Mzigo ukashushwa, ukakaa ghala namba 12 karibu miaka sita, barua zikizunguka ofisi hadi ofisi. Kwa hiyo mteja akikuambia "acha kwanza likae, natafuta hela ya ushuru", mpe tarehe ya mwisho kwa maandishi.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi dereva, niko Tunduma na asidi ya kwenda Kolwezi, Kongo. Karatasi zimebaki ofisini, nimetumiwa picha WhatsApp. Zinatosha?

Marahaba. Hazitoshi. Ukipata ajali ukazimia, zimamoto watafunguaje simu yako? Karatasi zikae kwenye kabini.

Batri za lithiamu za bajaji nazo ni shehena hatari?

Ndiyo dada, Daraja la 9. Zikija peke yake ni UN 3480. Zikiwa ndani ya kifaa (si bajaji yenyewe) au zimefungashwa pamoja nacho, 3481.

Kwa nini mlinzi wa geti anatusumbua zaidi siku za sianidi, na vitambulisho tunavyo?

Kwa sababu iko kwenye kundi la mizigo ambayo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuitumia kuua watu wengi. Usimnunie, kaka. Na tafadhali acheni kupiga picha makontena hayo na kuzirusha kwenye magrupu, namba na mahali vinaonekana. Mlinzi anafunga geti, ninyi mnafungua dirisha.

Nikigundua mteja amedanganya jina, na ameshanilipa?

Simamisha kazi, mwandikie arekebishe hati kupitia wakala wa meli. Akigoma, toa taarifa bandarini na kwa Mkemia Mkuu. Yule wangu wa bwawa la kuogelea nilimrudishia fedha yake yote. Mwezi huo nyumbani tulikula dagaa sana.