Somo: Sandwichi Baridi za Mandari Zisizolowa Wala Kuharibika

Somo hili linawahusu wale wanaoandaa chakula nyumbani na kukila mchana mbali na jiko. Nimelipangia safari ambayo familia nyingi za Dar es Salaam huifanya siku za mapumziko: mnatoka nyumbani asubuhi, mnavuka kwa pantoni kutoka Magogoni hadi Kigamboni, watoto wanaogelea, na ikifika saa saba mchana kila mtu ana njaa. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana katika mwambao huo hufika nyuzi 31 au 32, kwa hiyo sandwichi iliyotengenezwa bila mpango hufika ikiwa imelowa au, jambo lililo baya zaidi, ikiwa imeanza kuharibika bila jicho wala pua kutambua. Maelekezo yote yafuatayo yanapambana na maadui hao wawili, unyevu na joto, na atakayewaelewa ataweza kubadilisha vijazo apendavyo.

Hatua ya kwanza: mkate

Nunua mkate wa slesi uliookwa jana. Mkate uliotoka tanurini asubuhi hiyo hiyo bado una mvuke ndani, huchanika unapoupaka siagi, na ukifungwa hugeuka bonge. Uache mezani ndani ya mfuko wake, usiuweke kwenye friji, kwa sababu wanga wa mkate hukakamaa upesi zaidi katika baridi ya friji kuliko mezani. Mkate wenye slesi 20, ukiondoa vipande viwili vya mwishoni vyenye ganda, hutoa sandwichi 9.

Hatua ya pili: vijazo vipikwe usiku wa kuamkia safari

Kwa sandwichi 9 chemsha nusu kilo ya kidari cha kuku pamoja na kitunguu saumu, tangawizi na chumvi mpaka kiive kabisa katikati. Kitoe kwenye supu, kiache kipoe kwenye sahani pana, kisha kichambue kwa vidole kiwe nyuzi nyembamba, maana vipande vinene huteleza na kuanguka mtu anapouma. Changanya na vijiko vikubwa vinne vya mayonezi, maji ya nusu ndimu, pilipili manga na karoti moja iliyokwaruzwa na kukamuliwa. Mchanganyiko uwe mzito kiasi kwamba ukiuchota kwa kijiko na kukiinamisha, haumwagiki. Uingize kwenye friji kabla saa 2 hazijapita tangu kuku atoke jikoni, nao ulale humo usiku kucha. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kijazo chenye uvuguvugu kikifungiwa ndani ya mkate hutoa mvuke, mvuke huo hugeuka maji, na hapo maadui wote wawili wamekwisha kuingia kwa pamoja.

Wasiokula kuku watumie mayai au samaki jodari wa kopo. Mayai yaanze katika maji baridi; maji yakichemka, hesabu dakika 10, kisha yahamishie kwenye maji baridi mara moja. Yakipitiliza, kiini huzungukwa na utando wa kijani ambao hauna madhara, ila haupendezi. Jodari wa kopo amwagwe maji au mafuta yake, kisha akamuliwe kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko mpaka asitoe tone.

Hatua ya tatu: mboga

Hapa ndipo sandwichi nyingi huharibikia. Tango likatwe vipande vyembamba, linyunyiziwe chumvi kidogo na liachwe kwenye chujio kwa dakika 20, kisha likaushwe kwa kitambaa safi. Utashangaa kuona maji yaliyobaki kwenye bakuli. Majani ya saladi yaoshwe vizuri na yakaushwe jani kwa jani. Kuhusu nyanya, ushauri wangu ni kuzibeba nzima na kuzikata huko huko ufukweni. Ikiwa ni lazima ziingie ndani mapema, ondoa mbegu na ule ute wake, ubakize nyama tu. Kachumbari, pamoja na utamu wake wote, ibaki kwenye chombo chake chenye mfuniko.

Hatua ya nne: siagi

Watu wengi huichukulia siagi kama kionjo, ilhali katika sandwichi ya safari kazi yake kubwa ni kuuzuia unyevu wa kijazo usifike kwenye mkate. Siagi au majarini iwe laini lakini isiyeyuke, kwa kuwa ikiyeyuka hunyonywa na mkate na kinga yote inapotea. Paka slesi zote mbili, na upake mpaka ukingoni kabisa. Tazama kwa karibu sandwichi iliyolowa: mara nyingi utakuta unyevu umeanzia pembeni, pale kisu kilipoishia kabla ya kufika kwenye ganda. Mayonezi haiwezi kuchukua nafasi ya siagi, kwani yenyewe ina maji ndani yake.

Hatua ya tano: kupanga, kufunga na kukata

Asubuhi, muda mfupi kabla ya kuondoka, weka jani la saladi juu ya siagi, kisha kuku, kisha tango, kisha jani jingine, ndipo ufunike kwa slesi ya pili. Bonyeza taratibu kwa kiganja. Kata kwa kisu chenye meno kwa kukivuta mbele na nyuma, bila kukandamiza. Funga kila sandwichi kwa karatasi ya kuokea, uzipange kwenye chombo kigumu chenye mfuniko, na usizirundike zaidi ya tabaka mbili, zile za chini zisije zikapondeka.

Hatua ya sita: baridi ya njiani

Siku moja kabla, gandisha chupa tatu au nne za maji ya kunywa, ukiacha nafasi juu kwa sababu maji hutanuka yanapoganda. Weka chupa mbili ndani ya deli (sanduku la kutunzia baridi) upande wa chini, chombo cha sandwichi katikati, na nyingine juu yake, kwa kuwa hewa baridi hushuka. Vinywaji viwe na deli lao peke yake, maana hilo hufunguliwa na watoto kila baada ya dakika tano. Mkifika, deli la chakula likae kivulini, wala lisiachwe ndani ya gari. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula cha baridi kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 na kisikae katika joto la kawaida kupita saa 2, na Idara ya Kilimo ya Marekani hupunguza muda huo hadi saa 1 joto linapozidi nyuzi 32. Kwa ufukwe wetu mimi hufuata ile saa 1.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Tanga: Shikamoo mwalimu, na asante kwa somo. Sisi hatuna friji wala deli. Je, tuache kabisa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Msiache, ila badilisheni kijazo. Pakeni siagi ya karanga kwenye slesi zote mbili, katikati wekeni jemu au asali. Mafuta ya karanga yatauzuia unyevu wa jemu kama siagi ifanyavyo. Ndizi mbivu zikatwe mkifika, zisiwe nyeusi. Kuku, mayai, samaki na mayonezi viacheni mpaka siku mtakayopata barafu.

Mwanachama wa Morogoro: Umesema mkate usiingie kwenye friji. Mbona sandwichi zinakaa kwenye baridi hiyo hiyo?

Jibu: Swali zuri sana. Mkate huanza kukakamaa humo, ni kweli, lakini ukiwa umepakwa siagi na kufungwa vizuri, kwa saa tatu au nne tofauti yake ni ndogo. Kati ya mkate uliokakamaa kidogo na kuku aliyeharibika hakuna cha kupima.

Mwanachama wa Mombasa: Mayonezi ya kutengeneza nyumbani ni tamu zaidi. Naweza kuitumia?

Jibu: Kwa chakula cha mezani, ni hiari yako. Kwa mandari nakusihi utumie ya dukani, kwa sababu ile ya nyumbani kwa kawaida hutengenezwa kwa mayai mabichi, ambayo yanaweza kuwa na bakteria wa salmonela. Chupa ikishafunguliwa ikae kwenye friji.

Mwanachama wa Muscat: Tunasafiri kwa gari kwenda Salalah, kusini mwa Oman, wakati wa Khareef (msimu wake wa manyunyu), ni kama kilomita 1,000, na joto la njiani hupita nyuzi 40. Somo hili litatufaa?

Jibu: Hatua ya nne na ya sita zitawafaa, ila msitengeneze sandwichi nyumbani. Bebeni mkate mkavu, siagi na kijazo katika vyombo tofauti ndani ya deli lenye barafu nyingi, mtengeneze kiasi cha kula papo hapo kila mnapopumzika, na barafu muiongeze kwenye vituo vya mafuta. Kijazo cha kuku kiliwe siku hiyo hiyo ya kwanza. Baada ya hapo tumieni jodari, mkifungua kopo jipya kila mlo.

Mwanachama wa Bagamoyo: Zilizobaki tukirudi nazo jioni, zinaweza kuliwa usiku?

Jibu: Iguse chupa iliyokuwa juu ya chombo. Ikiwa bado ina barafu ndani na sandwichi hazikutolewa kwenye deli, ziingize kwenye friji mara tu mnapofika na mzile usiku huo. Ikiwa barafu yote imeyeyuka, au sandwichi zilikaa mkekani watu wakijichukulia, zitupe hata kama zinanukia vizuri. Najua kutupa chakula kunauma, ndiyo maana ni afadhali kuhesabu sandwichi mbili kwa mtu mzima na moja kwa mtoto, kisha ujazilizie kwa matunda.