Ndege ya kivita ya bati: namna ya kuiweka majeraha ya vita yawe ya kweli

Wadau wa Kigoma mnaotengeneza ndege za mabati ya makopo, kazi zenu za Ujiji na Mwanga nazipenda sana ila kuna kitu kinaniuma, Hurricane, ile ndege ya kivita ya Waingereza, ya mwaka 1940 mnaipaka kutu mwili mzima. Jamani ndege ya vita haikuishi mpaka ichakae hivyo! Nyingi zilikaa wiki au miezi tu, ikaangushwa, au ikavunjikia kwenye kutua. Hurricane namba R4118 iliruka vitani mara 49 kule Uingereza mwaka huo, na hiyo ndo inahesabika imedumu. Alafu ngozi yake ya bati ni alumini kama sufuria, haishiki kutu. Kwa hiyo weka uchafu na majeraha, uzee acha.

Matundu ndo wengi wanaharibu. Tuseme unafuata kipimo cha 1 kwa 24, mabawa yanakuja kama sentimita 51 ncha hadi ncha, sasa risasi ya bunduki za Messerschmitt, ndege ya Wajerumani, ilikuwa milimita 7.92, gawa kwa 24 unapata kama 0.3 hivi, hiyo ni ncha ya pini, msumari weka pembeni kabisa. Ilaze pini utoboe kutoka nyuma kwenda mbele, maana wengi walipigwa kwa nyuma na tundu linakuwa refu kidogo sio duara. Pale risasi inapotokea upande wa pili kingo zigeukie nje. Mzinga wa milimita 20 ni habari nyingine, ganda linalipuka, hapo chana bati kwa koleo ndogo na ulikunje.

Viraka sasa, mimi ndo napapenda hapa. Hurricane nyuma ya rubani ni kitambaa juu ya fremu, risasi mara nyingi inapita tu, fundi anabandika kiraka anapaka rangi na ndege inarudi hewani. Kata karatasi ndogo ya mraba, gundisha, rangi yake iwe mpya kuliko ya jirani yake, na ikikatiza herufi ya ubavuni iache hivyohivyo. Spitfire, ndege nyingine ya Waingereza, mwili ni bati, kiraka chake ni bati la kupigwa ribiti.

(Zile ndege za Wabelgiji zilizopiga mabomu Kigoma yetu 1916 zilikuwa za kutua majini, mbao na kitambaa, hizo bati lililochanika usiweke.)

Midomo ya bunduki 8 mbele ya mabawa ya Hurricane ilizibwa na vitambaa. Kama ndege yako imetoka kupigana vitoboe na upake moshi chini ya bawa, kama haijapiga viache vizima, usichanganye. Rangi ikwanguke pale pa kukanyagia tu, kushoto kwa rubani.

Mwisho masizi ya kibatari, yavute kwa kidole toka kwenye ekzosi kwenda nyuma, ila rangi ikauke siku nzima kwanza, ikiwa mbichi yanazama humo na hayatoki tena.