Rafiki Yako Anaogopa Kulala Chumbani Kwake: Hatua za Kumsaidia

Rafiki yangu, mpangaji katika nyumba ya ghorofa huko Sinza, Dar es Salaam, aliponiambia kwamba usiku halali tena, nilimjibu kwa neno moja: hama. Lilikuwa jibu baya. Alikuwa amekwisha kulipa kodi ya miezi sita pamoja na ya mwezi mmoja ya dalali, na hakuwa na akiba nyingine, kwa hiyo alinyamaza, akawa analala huku ameegemeza kiti mlangoni.

Hatua ya kwanza ni kumuuliza anaogopa saa ngapi, sehemu gani ya nyumba, na nani hupita hapo wakati huo. Nilipomuuliza hivyo, ilibainika kwamba umeme wa chumba chake ulikuwa ukikatika baada ya saa nne usiku ilhali majirani wana taa, kwa kuwa swichi yake kuu ilikuwa koridoni, ambako mtu yeyote angeweza kuizima ili yeye atoke nje kuiwasha. Andikeni kila tukio kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa, na msifute ujumbe wowote wa vitisho.

Hatua ya pili ni kuikagua nyumba pamoja, mchana na tena baada ya giza kuingia. Anzeni na kitasa. Mpangaji aliyetangulia huenda aliondoka na ufunguo, dalali naye huenda anao, na mwenye nyumba mara nyingi hubaki na wa akiba. Kwa sababu hiyo, kubadilisha kitasa na kufunga komeo la ndani ndiyo kazi ya mwanzo ya kumpa fundi. Tazameni pia dirisha la choo, na taa ya ngazi kama inawaka. Awe na taa ya kuchaji chumbani, ili umeme ukizimwa asilazimike kutoka. Madirisha yakiwa na nondo, ufunguo wa mlango ukae mahali pamoja panapofikika gizani, maana moto ukitokea hana njia nyingine.

Hatua ya tatu ni kumjulisha mwenye nyumba kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu wenye heshima. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtambua mpangaji kuwa na haki ya kukaa kwa utulivu bila kuingiliwa, na maandishi hayo yatamfaa baadaye.

Hatua ya nne: mpeleke kwa mjumbe na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, nawe uende naye. Palipo na vitisho, kufuatwafuatwa au kuguswa, nendeni polisi, mwombe Dawati la Jinsia na Watoto, na msiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yenu katika kitabu cha polisi. Hatari ikiwa mlangoni, apige 112.

Mwisho, kubalianeni neno moja la kawaida ambalo akikutumia utajua kwamba unatakiwa kufika na mtu mwingine, wala si peke yako.

Maswali ya wanachama

*Dada, rafiki yangu amenikataza nisimwambie mtu yeyote. Nifanye nini?*

Mdogo wangu, usiende kinyume chake kwa siri. Mwulize ni nani anayemwamini, hata mmoja tu, mwanze na huyo. Maisha yake yakiwa hatarini usiku huohuo, omba msaada, kisha umweleze wazi kwamba umefanya hivyo.

*Anayemtisha ni mwanamume waliyeachana, na anapajua kwake. Kitasa kitasaidia?*

Peke yake hakitoshi. Alale kwako au kwa ndugu ambaye mwanamume huyo hamjui, akiwa na kitambulisho cha taifa, mkataba wa pango, stakabadhi za kodi na chaja. Majirani waoneshwe picha ya mwanamume huyo. Iwapo rafiki yako amejeruhiwa, polisi watampa fomu ya PF3 ya kwenda nayo hospitali. Lakini hali ikiwa mbaya, matibabu yatangulie.

*Mwenye nyumba anakataa kurudisha kodi iliyobaki.*

Someni kwanza mkataba unasema nini kuhusu kuondoka mapema, kisha mpeleke daftari lenu na nakala za ujumbe kwa msaidizi wa kisheria, ambaye kazi yake inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na ambaye humhudumia bure mtu asiye na uwezo. Rafiki yangu alipatana na mwenye nyumba mbele ya mwenyekiti wa mtaa: alirudishiwa kodi ya miezi miwili kati ya mitatu iliyokuwa imebaki, nayo ikamtosha kuanzia kwingine.