Somo: Barabara ikifungwa kwa kazi ya reli, tubakize vipi njia ya miguu na baiskeli (Tanga)

Wanachama, swali limerudi mara nyingi humu: siku kazi ya reli itakapoziba barabara kwa miezi, sisi wa miguu na baiskeli tutapita wapi? Naandika kwa ajili ya Tanga mjini. Aliye Muheza au Korogwe abadilishe majina ya mitaa tu.

Reli yetu ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Moshi 1911, na mji ukakua pande zake zote mbili. Upande wa bahari kuna bandari, maofisi, hospitali ya Bombo na soko la samaki la Deep Sea. Ng'ambo ya pili ni Ngamiani na barabara zake za namba. Muuza samaki mwenye tenga kwenye karia, mwanafunzi, mama anayewahi kliniki, wote ni watu wa kuvuka reli. Mwenye gari akizungushwa kilomita 2 atanung'unika na kufika. Anayetembea huenda kilomita 4 au 5 kwa saa, kwa hiyo kilomita hizo 2 ni karibu nusu saa, na jioni nusu saa nyingine. Mchoro wa daivesheni hauonyeshi hayo kwa sababu aliyeuchora alikuwa anafikiria magari.

Kwa hiyo shikeni hili: kufungia magari ni uamuzi mmoja, kufungia miguu ni uamuzi mwingine. Msikubali vitolewe kwa tangazo moja.

Hatua ya 1: Mjue mwenye kazi na mwenye barabara. Reli ni ya TRC, yaani Shirika la Reli Tanzania. Barabara za mitaa ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Ile kuu itokayo Segera, ikapita Pongwe na kuendelea hadi Horohoro, ni ya TANROADS, wakala wa barabara kuu. Mlinzi wa geti la mkandarasi ndiye mtakayeonana naye kila siku, na hana mamlaka hata ya kusogeza bati moja. Muacheni.

Hatua ya 2: Hesabuni na mpime kabla uzio haujasimama. Kaeni kwenye kivuko saa 12 hadi saa 2 asubuhi, mpige mistari kwenye daftari: waendao kwa miguu, baiskeli, mikokoteni, maguta, viti vya magurudumu. Rudieni jioni. Kisha itembeeni njia ya mchepuko wanayoipendekeza, simu mkononi, mkiandika urefu wake, penye giza, pasipo na mtaro, na pale malori na bodaboda watakapowabana watoto ukutani. Hii ndiyo hatua watu wanairuka, nami naiona kubwa kuliko zote, kwa kuwa kikaoni mhandisi atakuja na namba zake na ninyi mtakuja na hasira. Na msipime kiangazi peke yake. Njia kavu ya Februari huwa dimbwi masika yakikolea Aprili.

Hatua ya 3: Ombeni kitu kinachopimika. Ukiandika "tunaomba mtufikirie" utajibiwa "tutalifanyia kazi", basi. Andikeni hivi: pito lenye upana wa mita 2, ili baiskeli yenye tenga ipishane na mtu, moramu iliyoshindiliwa, taa, uzio kati ya watu na mitambo. Penye kupanda, mteremko badala ya ngazi, na kila mita 1 ya kimo ipewe angalau mita 12 za urefu, la sivyo kiti cha magurudumu hakipandi. Wakisema haiwezekani pito liwe wazi siku nzima, ombeni saa za asubuhi na jioni pamoja na mshika bendera. Hilo hata mkandarasi mgumu huwa analisikiliza.

Hatua ya 4: Barua ipite serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, diwani, kisha nakala kwa TRC, kwa meneja wa TARURA au TANROADS, na kwa mkandarasi. Nakala yenu wenyewe igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Miradi mikubwa ya reli hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004, na msimamizi ni NEMC, baraza la taifa la mazingira. Ulizeni humo kuliahidiwa nini kuhusu vivuko vya watu, kisha mwanukuu ahadi yao wenyewe kwenye barua.

Hatua ya 5: Tarehe ya kufungua iandikwe, na mwenye kuisogeza atoe taarifa. Huko Maryland, Marekani, njia ya miguu na baiskeli kati ya Bethesda na Silver Spring ilifungwa Septemba 2017 kupisha ujenzi wa reli ya Purple Line, ambayo ilitarajiwa kuanza 2022. Mwaka 2020 mkandarasi akajitoa, sehemu kubwa ya kazi ikalala mpaka akapatikana mwingine, na 2022 ikapita, njia ikiwa bado imefungwa. Huko kwenye fedha, jamani.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi baiskeli, Makorora: Mwalimu, kwani tukikatiza relini kuna nini? Treni zenyewe za kuhesabu.

Usikatize, fundi. Kwanza ni kosa kisheria pasipo kivuko. Pili, wakati wa ujenzi kuna treni za kokoto na mataruma na vitoroli vya mafundi, havina ratiba na vinakuja pande zote mbili. Treni yenye mzigo huhitaji mamia ya mita kusimama. Hata kwenye kivuko halali, vuka reli kwa kuikata kwa pembe mraba, maana ukienda mshazari tairi jembamba linadumbukia kwenye mfereji wa chuma. Kukiwa na mvua, au ukiwa na mzigo, shuka usukume.

Mama vitumbua, Ngamiani: Kaka, wateja wangu ni wapita njia. Wakizungushwa nitalipwa fidia?

Dada yangu, usiihesabu hiyo hela. Fidia kwa kawaida humwendea anayechukuliwa ardhi au mali yake, si aliyepungukiwa wateja. Andikisha malalamiko yako hata hivyo, lakini nguvu ziweke kwenye hatua ya 3: pito likipangwa lipite karibu na meza yako, wateja unao.

Mkazi wa Pongwe: SGR, ile reli ya kisasa, ikiletwa huku nayo itakuwa hivi hivi?

Hapana, itakuwa tofauti kabisa. Reli yetu ya sasa ina upana wa milimita 1,000 na vivuko vya kukatiza juu yake. SGR ni milimita 1,435, ina umeme wa volti 25,000 juu, na ile inayobeba abiria Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024 imewekewa uzio: watu hupita chini kwenye makalavati au juu ya madaraja. Mahali pa kupitia hupangwa kwenye mchoro, kabla trekta halijafika. Uchochoro usiokuwemo kwenye mchoro ndiyo umefungwa, na hauna tarehe ya kufunguliwa. Mkisikia wapimaji wamefika, anzeni hatua ya 2 wiki hiyo hiyo.

Mwanachama mpya: Barua iwe ya Kiingereza?

Kiswahili. Ukurasa mmoja, mchoro wa mkono nyuma yake.